Mtutu Ulionyooka na Hotpoti za Dada

Shemeji yangu, mume wa dada, ana meza ya shabaha na hajui kulenga. Nalisema mapema kabisa, maana yeye hajawahi kulisema, na usipolijua hilo utadhani sie wote pale nyumbani Tandika ni wazembe. Sio wazembe. Tuna mtu mmoja tu asiyejua kulenga, bahati mbaya ndiye bosi.

Meza yenyewe iko hivi. Siku za sikukuu tunaipeleka uwanjani. Nyuma tunasimamisha ubao mkubwa uliopigiliwa godoro bovu, kwenye godoro tunapanga maputo matano kwa mstari, mbele tunaweka bunduki ya upepo, ile unayoivunja katikati ndio ijae pumzi. Ukipasua maputo matatu unapata soda. Manne, sabuni ya unga. Ukipasua yote matano unaondoka na zawadi kubwa, ile inayokaa juu ya kreti watu waitolee macho. Kibali cha serikali ya mtaa tunacho, tumekitia kwenye nailoni. Watoto hawashiki bunduki, wanashika maputo.

Mie nimeishia la saba, na pale mezani kazi yangu ni mdomo. "Braza, kifua chote hicho unaogopa puto?" "Sista, mwache mchumba wako ajaribu, akikosa utajua mapema." Mtu akipita pale asicheke, ujue jino linamuuma.

Ishu ilianzia kwenye risasi. Tulikuwaga tunanunua za dukani, zinakuja kwenye kikopo, zimefanana kama wanafunzi paredi. Zikaadimika. Shemeji akasema tutasubu wenyewe, kwani kuyeyusha na kumimina kuna nini? Akapita magereji ya Sinza kukusanya vile vipande vya kubalansia matairi, akarudi na mfuko unaovuta bega. Kisha akaingia jikoni akatoka na sufuria ya dada ya kuchemshia maziwa.

"Hiyo inarudi?" dada akauliza.

"Inarudi."

Mpaka leo maziwa tunachemshia kwenye birika.

Kalibu za kumiminia tulikuwa nazo mbili, moja inatoa risasi nyembamba, nyingine inatoa nene kidogo. Ukiziweka kiganjani huoni tofauti. Mtutu ndio unaiona. Na mtutu wetu wa zamani ulikuwa na matatizo yake: ndani ile mistari ya kuzungusha risasi imelika, halafu siku moja shemeji aliutumia kubandulia kreti lililonasa, ukapinda kidogo, kupinda kwa aibu, mpaka uufumbie jicho moja ndio uone. Tukiweka risasi nyembamba, ilikuwa inatoka kama mtu aliyetoka msikitini Ijumaa anatafuta viatu vyake. Mara huku, mara kule. Nyingine ilikuwa inadondoka palepale miguuni.

"Dogo," mteja mmoja aliniambia, "hii bunduki inapiga au inatema mate?"

Maneno kama hayo uwanjani yanatembea. Idi ilikuwa karibu. Shemeji akanituma Keko kwa fundi anayetengeneza pampu, vitasa na bunduki za upepo. "Katafute mtutu unaoelewana na risasi zetu," akaniambia. "Chukua hizo nyembamba na hizo nene, ukajaribu zote."

Hayo ndiyo maagizo niliyopewa. Nayarudia ili baadaye mtu asije kusema nilinunua kwa akili yangu.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akanitandikia mitutu mitatu juu ya gunia.

"Unataka wa kuuza sura au wa kupiga?"

"Wa kupiga. Sura ninayo mwenyewe."

Akaniangalia. "Sijaiona," akasema, akaendelea na kazi.

Mtutu wa kwanza ulikuwa unang'aa, ukiuchungulia unaona mpaka nywele za puani. Nikaingiza risasi nyembamba, ikapita kwa shida. Nikaingiza nene, ikafika katikati ikagoma. Fundi akaitoa kwa fimbo na nyundo ndogo, ikatoka imechubuka kama goti la mtoto. Mtutu wa pili ulikuwa na mistari mizuri imejizungusha ndani, ila mpana. Risasi nyembamba ikateleza moja kwa moja ikadondoka sakafuni, hata hodi haikupiga. Nene nayo ikafuata.

Wa tatu ulikuwa mweusi, una mabaka, mbaya kabisa. Fundi akaupitisha kitambaa chenye mafuta, akaniambia nisukume nene kwa fimbo, polepole. Ikaingia kwa kidole gumba, ikawa inashuka na kuzunguka, nasikia kabisa kwenye fimbo jinsi inavyozunguka. Ikatokea upande wa pili na mistari myembamba pande zote, imelala vizuri kama suruali ya shule siku ya Jumatatu. Tukajaribu nyembamba, ikatoka na alama upande mmoja tu.

"Umeona?" fundi akasema. "Risasi ya kusubu ni laini. Inataka mtutu uikumbatie, sio uikabe. Huu na hizo nene, wameoana. Hizo nyembamba kavulie samaki."

"Ila ni mbaya wa sura."

"Kwani unampeleka kwa mama yako?"

Akaufunga, tukasimamisha kifuniko cha soda kwenye ukuta wa nyuma. Nikakipiga. Fundi akakisogeza mbali zaidi, nikakipiga tena. Mie sio mlengaji, ni mtu wa mdomo. Nikajua huo ndio wenyewe.

Nyumbani shemeji akautaka aujaribu mwenyewe. Akasimamisha ubao wa godoro uani, akaweka kopo la maziwa mbele yake, akafumba jicho lisilotakiwa kufumbwa, akapiga. Akapiga godoro. Akapiga tena godoro. Akapiga mbao, halafu godoro tena. Kopo lilikuwa limetulia mpaka inzi akatua juu yake.

Shemeji akashusha bunduki, uso umejaa furaha. "Safi sana. Unatoa mlio mzuri na haupigi kitu. Zawadi zetu ziko salama."

"Shemeji, huo unapiga. Umenyooka. Nimeujaribu Keko."

"Umeujaribu kwa fundi. Kwa fundi kila kitu kinafanyaga kazi."

Nilikuwa na sentensi nyingine mdomoni, ya kuhusu nani hasa asiyenyooka. Nikaimeza. Nakaa kwa mtu, nakula kwa mtu, sentensi nyingine zinabaki tumboni.

Sasa zawadi kubwa. Asubuhi ya Idi mosi nimeshapanga kila kitu uwanjani, juu ya kreti hakuna kitu. Shemeji akaja na mfuko. Akatoa hotpoti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, rangi ya maziwa, maua mekundu, mikono ya dhahabu.

Nikazijua hapohapo.

Ngoja niwaeleze hizo hotpoti. Sie ni watu wa bara. Mama yake shemeji ni mtu wa pwani, Kawe, wa tangu na tangu. Wakati wa posa mama huyo alisema maneno mawili matatu kuhusu watu wa bara na wali, na dada akasikia. Halafu siku ya kitchen party, mama akaingia na hizo hotpoti kichwani, anacheza nazo, akazitua mbele ya dada na kumkumbatia. Hakuomba msamaha, aliweka hotpoti. Dada akaelewa. Tangu siku hiyo zinakaa kabatini sebuleni, zinafutwa, hazipakuliwi mpaka aje mama. Na mama akija, jicho linaenda kabatini kwanza, sie tunasalimiwa baadaye.

Na kesho yake, Idi pili, mama alikuwa anakuja kula pilau.

"Shemeji," nikamwambia, "dada anajua?"

"Zimetoka kutembea tu. Sikukuu hii, kila mtu katoka. Jioni zinarudi kabatini."

"Mtu akipasua matano je?"

"Kwa mtutu ule?" Akacheka mpaka akashika kreti.

Mchana ulikwenda vizuri. Watu walipasua maputo mawili, matatu, soda zikatoka. Wengi walikuwa wanachota risasi ovyo kwenye bakuli, nyembamba na nene zimechanganyika, kwa hiyo hata mtutu mzuri ulikuwa unapata wageni usiowajua. Ilipofika Alasiri shemeji akaenda kuswali. Akiwa hayupo, nikaona buibui jeusi linakuja moja kwa moja, wajukuu wawili wanavutwa mkono, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba.

Mama yake.

Alikuwa amewaleta wajukuu kuona sikukuu. Akasimama mbele ya meza. Hakuangalia maputo. Aliangalia kreti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hizi hotpoti za nani?"

"Za atakayepasua matano, mama."

"Zimetoka wapi?"

"Kabatini."

Mdomo huu ungekuwa na breki ningekuwa mbali sana.

"Kabati la nani?"

Nikachukua puto nikaanza kulipuliza. Mtu anayepuliza puto hawezi kujibu. Nikapuliza, nikapuliza.

"Dada yako ndiye kazitoa zije kuchezewa huku?"

Puto likawa kubwa kama tikiti. Nilikuwa nataka kusema hapana, hajui kitu, lakini nikisema hivyo namchoma shemeji mbele ya uwanja mzima. Wakati bado napima, mama alikuwa ameshajijibu. Nilimwona usoni. Ule uso wa kabla ya kitchen party ulikuwa umerudi.

"Haya," akasema. "Hii ndiyo bunduki iliyomrudisha mjukuu wangu mkubwa, mtu mzima na ndevu zake, mikono mitupu mwaka jana?"

"Ndiyo hiyo mama, ila tumeibadilisha mtutu. Ule wa zamani ulipinda."

"Kumbe mlijua umepinda. Ilete."

Akanivisha mkoba wake shingoni, akalipa kama mteja mwingine yeyote, akavaa miwani. Akainamia bakuli la risasi. Hakuchota. Alikuwa anazibingirisha moja moja kwa vidole, kama mtu anayechambua mchele, nyembamba anaziweka kando.

"Mnasubu wenyewe?"

"Ndiyo mama."

"Hii ina kovu. Toa." Akaitupa. "Hii nzuri."

Hapo ndipo nikakumbuka. Shemeji aliwahi kutuambia mama yake alipita mgambo enzi za usichana wake, tukacheka, tukajua ni stori za kumalizia chakula. Mama akatanguliza mguu wa kushoto, akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akatulia. Hata buibui lilitulia.

Puto la kwanza likapasuka. La pili. Wajukuu wakaacha kulamba barafu. La tatu. Watu wakaanza kusogea. La nne.

"Nyie, huyo bibi msimrukie foleni ya maji," mtu mmoja akasema nyuma.

La tano likapasuka.

Uwanja ukapiga makofi. Mama akanirudishia bunduki, akauchukua mkoba wake shingoni kwangu. "Nifungie hotpoti zangu. Kisha mwambie dada yako kesho nakuja kula. Apike vizuri." Akasimama kidogo. "Na apakue vizuri."

Shemeji aliporudi kutoka kuswali alikuta kreti tupu.

"Ziko wapi?"

"Zimeshindwa."

"Na nani?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Wako."

Akakaa kwenye kreti, palepale zilipokuwa hotpoti. "Kumbe mtutu umenyooka," akasema.

Nikataka nimwambie dada siku ileile. Shemeji akaniomba nimwachie, atasema mwenyewe. Akarudi nyumbani akasema kuhusu joto. Akasema kuhusu foleni. Asubuhi ya Idi pili akaamka akafua nguo zake zote kwa mkono, mwanaume ambaye hajui sabuni inakaa wapi. Maduka yote ya vyombo yalikuwa yamefungwa, hata kama angetaka kununua nyingine. Dada yuko jikoni anaimba, pilau linanukia mpaka kwa jirani.

Mama akafika na mfuko mkubwa, akaketi kuelekea kabatini.

"Karibu mama," dada akasema, anajifuta mikono. "Ngoja nikupakulie kwenye zile zako."

Akafungua kabati. Akafunga. Akafungua upande wa pili. Akapiga magoti, akatoa vikombe, sahani, thermosi, mpaka kabati likabaki mbao. Akaenda jikoni, tukasikia mabati yanagongana. Akarudi kasimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Mama, tumeibiwa." Sauti ilikuwa imekatika katikati. "Hotpoti zako zimeibiwa. Nilizifuta mwenyewe kwa ajili yako, nikazirudisha hapa. Sijui nikuambie nini, mama."

Mama akamtazama. "Hukuzitoa wewe?"

"Nizitoe ziende wapi?"

Mama akageuka kwa mwanawe. Mwanawe alikuwa anaitazama feni kama ndio anaiona leo. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, na ule uso wa pwani niliouogopa jana ukayeyuka wote. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kubwa, ya kati, ndogo, akazipanga mezani.

"Mwizi kakamatwa wapi?" dada akauliza.

"Mwizi wako huyo hapo, anakagua feni."

Ikabidi yaelezwe yote. Nilieleza mie, maana shemeji sauti ilikuwa imekwenda kutembea. Nilipofika kwenye bunduki na maputo, dada akaweka mkono kiunoni.

"Kwanza sufuria," akamwambia mumewe. "Sasa hotpoti. Idi ijayo utanipandisha mie juu ya kreti."

Shemeji akanyoosha mkono azichukue azirudishe kabatini. Mama akampiga kofi la mkononi.

"Aa-aa. Hizi zangu. Nimezishinda mbele ya watu. Leo nimekuja nazo mnipakulie, nikiondoka naondoka nazo."

"Mama jamani."

"Unazitaka? Maputo matano. Na sio kwa mtutu ule mzuri. Kwa ule uliopinda, mliokuwa mnawakoseshea watoto wa watu."

Tukala pilau kwanza. Mama aliongeza mara mbili, hakusema neno kuhusu watu wa bara na wali. Kisha tukatoka uani. Nikafunga mtutu wa zamani, nikapanga maputo kwenye godoro. Majirani wakapanda kwenye matofali wachungulie ukuta.

Shemeji akapiga zake tano. Sitaki kumsema sana. Alilipiga godoro vizuri.

"Nipe mie," dada akasema.

Dada hajawahi kushika bunduki. Lakini mie nilikuwa nimekaa na ule mtutu kwa muda mrefu, na kuna kitu nilikuwa nakijua. Kwa risasi nyembamba ule mtutu ni mlevi, hata wenyewe haujui utapiga wapi. Kwa risasi nene sio mlevi, ni kilema tu. Unapiga upande wa kushoto, kiganja kimoja, sawa na nafasi ya puto na puto, kila mara, hausemi uongo. Nikamchagulia dada nene tano zisizo na kovu, nikamsogelea sikioni.

"Puto unalolitaka usiliangalie. Lenga la kulia kwake."

"Mnanong'ona nini?" mama akauliza.

"Namwombea dua, mama."

"Ombea kwa sauti, wote tuitikie."

Dada akaanza na puto la kushoto kabisa, akalenga la pili. La kwanza likapasuka. Akashtuka yeye mwenyewe. Akalenga la tatu, likapasuka la pili. Majirani wakaanza kuhesabu. La tatu likaenda. La nne likaenda, alilenga la mwisho. Mama alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, miwani puani.

Likabaki puto la kulia kabisa, pekee yake. Kulia kwake hakuna puto, kuna godoro tupu.

"Lenga palepale patupu," nikamnong'oneza.

"Patupu nilenge nini?"

"Lenga hilo doa la kahawia."

Akajaribu. Nilimwona kabisa anajaribu. Mtutu ukaenda kwenye doa, ukarudi kwenye puto, ukaenda, ukarudi. Moyo ulimkatalia. Akalilenga puto lenyewe, zuri, jekundu, katikati. Risasi ikapita kushoto kwake, kiganja kimoja, kama kawaida yake.

Majirani wakaacha kuhesabu.

"Manne," mama akasema. "Kwenu pale mtu akipasua manne mnampa nini?"

"Sabuni ya unga," nikajibu kabla sijafikiri. Dada akanitazama kwa namna ambayo bunduki ingekuwa bado na risasi ningeshuka chini.

Mama akainuka, akachukua hotpoti kubwa na ya kati, akamwekea dada mikononi, moja juu ya nyingine. Akamrekebisha mtandio begani. "Za kwako. Umezipigania." Ile ndogo akaitia mfukoni. "Hii naondoka nayo. Mpaka mtu apasue la tano."

Mezani tumeuacha mtutu mweusi, soda zinatoka kwelikweli, shemeji anaguna lakini watu wanajaa. Siku zisizo na sikukuu anafunga ule uliopinda anajifunza uani, mie namsubia nene. Nimemweleza doa la kahawia mpaka nimechoka. Bado analenga puto.

Hotpoti ndogo iko Kawe, mezani kwa mama. Tukienda, anaifunua mbele yetu taratibu, mvuke unatoka, chapati zimelala humo. "Karibuni," anasema, anamtazama mwanawe. Dada ndiye anayekwenda sana. Anakwenda bila mumewe, anarudi jioni, wanachekaga nini na mama mie sijui.

Juzi nikamwambia dada dawa ninayo, ni rahisi. Nibandike puto la sita kule pembeni, lisilohesabiwa, shemeji apate pa kulenga. La tano lazima lipasuke, na hotpoti irudi kabatini.

Alikuwa anajifunga mtandio, anaelekea Kawe.

"Hebu nyamaza," akaniambia. "Chapati za kule nimeshazizoea."